Hedifoni za kusikilizia kanda za zamani: elfu tano, mtandio, miwani na safari za boti

BintiLangoni (Amu)

Asalam aleikum jamaa. Naomba msaada wa wenye masikio. Kila duka ninaloingia hapa Amu, yaani Lamu, naambiwa "hii ina besi kali", na besi siyo ninayoitafuta.

Nina kanda za kaseti za nyanya yangu: nyimbo za harusi, tumbuizo na vipande vya tenzi, zilizorekodiwa kwa redio kaseti sebuleni kwao enzi hizo. Ndugu yangu amezihamishia zote kwenye laptopu. Kazi iliyobaki ni yangu, kuyaandika maneno mstari kwa mstari maadamu wazee wanaoyajua bado tunao. Kanda zenyewe zina mvumo, kuku wanalia, kuna mtu anatwanga uani, na sauti ya nyanya inakuja na kupotea kwa kuwa alikuwa akigeuka huku na huku. Kwenye spika ya laptopu nusu ya maneno hayashikiki. Iyafoni zilizokuja na simu zinanipa dundo na mvumo, basi.

Hali yangu ni hii. Navaa mtandio na miwani. Naketi na kazi hii kuanzia baada ya alasiri mpaka usiku, na joto la kaskazi mnalijua, hata ndani ya nyumba ya mawe jasho halikauki. Mara kwa mara navuka kwa boti kwenda Faza, kisiwa cha Pate, kuwasomea wazee nilichoandika wanisahihishe, kwa hiyo nataka kitu cha kuingia mkobani, kisichovunjika mkoba ukitupwa botini. Simu yangu haina tundu la waya, laptopu inalo. Fedha ni elfu nne, nikijibana elfu tano, na hapo ndipo mwisho.

Za kufunika sikio lote, za kukalia sikio, au za kutia ndani? Waya au Bluetooth? Anayejua anieleze na sababu yake, nisije nikanunua jina.

FundiMaweni (Malindi)

Waaleikum salaam mwanangu. Kwanza Mungu akubariki kwa kazi hiyo. Mimi hapa Malindi natengeneza redio na amplifaya, na mwisho wa wiki narekodi harusi na kasida, kwa hiyo kusikiliza sauti ya mtu ndiyo riziki yangu. Nivumilie nikirefusha.

Hao wanaokupigia debe la besi wanakuuzia kitu cha kupendeza dukani kwa dakika mbili. Hedifoni nyingi za bei ya chini hupikwa hivyo makusudi: chini pamepandishwa, juu kabisa pamepandishwa, katikati pamezama. Ngoma ya disko inasisimua. Lakini mtu anayeimba au kusoma utenzi yuko pale pale katikati palipozamishwa. Sauti ya mwanamke mtu mzima akisema huanzia kama Hezi 165 hadi 255 (Hezi ni mitetemo ya sauti kwa sekunde), na herufi zinazotenganisha neno na neno, s, sh, f, th, t, ziko juu zaidi, toka Hezi 2,000 kwenda 8,000. Besi ikifura inazifunika. Na juu kukizidi, mvumo wa kanda, ambao nao uko huko huko juu, unakuchoma sikio mpaka unavua hedifoni. Unachotaka ni hedifoni iliyotulia chini, yenye uwazi katikati, na isiyopiga kelele juu.

Boksi halitakwambia hayo. Ile "20–20,000 Hz" iliyoandikwa kila boksi haina maana yoyote kwako, karibu zote zinaandika hivyo, nzuri na mbovu. Kitu kimoja cha kusoma kwenye boksi ni omu, kipimo cha ukinzani wa umeme: zikiwa nyingi, hedifoni huwa ngumu kusukumwa. Kwa simu na laptopu, 16 mpaka 32 ni salama, na hata zaidi kidogo haina neno. Zile kubwa za studio ni jambo jingine. Kwa mfano Beyerdynamic DT 770 Pro inatoka ya omu 32, 80 na 250. Ukiitia ile ya 250 kwenye simu utasikia mnong'ono.

Basi usinunue kwa boksi, nunua kwa kanda ya nyanya yako. Kata kipande kifupi, kile unachokijua kwa moyo, na kingine ambacho mpaka leo hujakishika neno moja. Vitie kwenye laptopu, maana ndiyo yenye tundu, ingia nayo dukani. Sikiliza kama unaitenga p ya pumzi na p kavu, paa wa mwituni na paa la nyumba, maana pumzi ile ni hewa kidogo tu inayotoka mdomoni, na hedifoni iliyojaa besi huimeza yote. Kisha msikilize yule anayetwanga. Ukisikia kinu kwa mbali na nyanya kwa karibu, umepata. Kinu kikija mbele ya nyanya, rudisha.

Sasa aina.

Za kufunika sikio lote, kwa meza ya nyumbani, Audio-Technica ATH-M20x ni nzuri kwa sauti ya mtu. Ila kwako wewe naona mambo yanayonitia shaka. Waya wake ni mita 3 na hauchomoki, haikunjiki, na sponji zake ni za ngozi bandia. Ngozi hiyo na jasho la pwani hazipatani, huanza kubanduka magamba meusi yakabaki shingoni. Tena mtandio: sponji ikikaa juu ya kitambaa pamoja na mkono wa miwani, inabaki nafasi, na kinachotoroka kwanza hapo ni besi. Kwa kanda zako hilo si hasara kubwa, lakini nafasi ile ile inaingiza kelele za nje, na miwani inakandamizwa kichwani.

Za kukalia sikio, kama Sony MDR-ZX110, ni nyepesi, waya mita 1.2, vikombe vinageuka vikalala bapa mkobani. Mbaya ni kwamba zinabana sikio juu ya mkono wa miwani. Kwa saa unazokaa wewe, utaumia. Na za bandia zimejaa sokoni.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako ni iyafoni za kutia ndani, zenye waya. Si zile za kugawiwa na simu. Miaka ya karibuni Wachina wametoa iyafoni ndogo za bei ya dola 20 hivi zilizopangwa sauti vizuri kuliko hedifoni za bei mara tatu yake. Moondrop Chu II ni mfano: mwili wa chuma, waya unachomoka, kwa hiyo waya ukikatika unabadilisha waya, hutupi kitu kizima. Waya unapita juu ya sikio, unashuka nyuma, wote uko ndani ya mtandio. Miwani haiguswi. Ukimaliza, vinaingia kwenye kiboksi cha dawa.

Lakini, na hapa ndipo wengi wanapozilaumu bure, iyafoni ya ndani ni kukaa kwake. Boksi lina vimpira vidogo, vya kati na vikubwa. Sauti ikiwa nyembamba kama ya redio ya mkulima, kimpira ni kidogo, hewa inapita. Kibadilishe. Sikio la kulia na la kushoto la mtu mmoja huweza kutaka saizi tofauti, usishangae. Vuta sikio juu na nyuma kidogo kwa mkono mwingine wakati unatia, kisha achia. Utasikia nje kumezimika. Hapo ndipo unapoanza kuihukumu sauti.

Waya ukisugua kitambaa utausikia sikioni, krr, krr. Ubane na kipini kwenye mtandio karibu na shingo, inaisha.

Kwa simu yako nunua adapta ya USB-C, ila uliza yenye chipu yake ya kugeuza sauti ndani. Kuna za rahisi zisizo na chipu, zinapitisha waya tu, na simu nyingi hazizitambui. Muuzaji akikosa kujua tofauti, jaribu papo hapo kwa simu yako.

Bluetooth siipendekezi kwa kazi ya kuandika. Unarudisha nyuma sekunde mbili, unasimamisha, unarudisha tena, na kila mara sauti inachelewa kidogo. Kwa nyimbo hutaona. Kwa kuandika neno kwa neno itakuchosha roho.

KijanaWaFaza

Fundi amesema kweli tupu, ila nimtetee Bluetooth kidogo. Mimi natumia Sony WH-CH520 safarini. Kampuni yasema betri inakaa mpaka saa 50, na mimi naamini, maana umeme ukikatika kwetu siwazi hata kidogo. Ni nyepesi, gramu 147. Dada, jua jambo moja kabla hujavutiwa: haina tundu la waya kabisa. Betri ikiisha, imeisha, huwezi kuchomeka laptopu ukaendelea. Tena ukiwasha maikrofoni yake kwa simu ya mtu, ubora wa sauti unaanguka papo hapo, kwa hiyo mwito ukiingia katikati ya kazi utadhani hedifoni imeharibika. Kata simu, sauti inarudi.

Kuhusu boti. Iyafoni za ndani zinazima mashine vizuri sana, hilo kweli. Na ndiyo sababu nakuomba sikio moja uliache wazi. Pale kwenye mkondo wa Mkanda maji yakiwa madogo, nahodha anapiga kelele watu wahamie upande huu au ule, na asiyesikia anawaweka wenzake mashakani. Vilevile ukishashuka Amu, kule ndani ya vichochoro, mwenye mkokoteni au punda akisema "simila!" hana breki. Vua.

Halafu chumvi. Hizi alama za IPX4 unazoziona kwenye boksi ni za maji ya kawaida, mrusho wa maji, jasho. Maji ya bahari hayamo katika kipimo hicho. Hedifoni ikirushiwa wimbi, ipanguse kwa kitambaa kilicholowa maji matamu, kisha kikavu, siku hiyo hiyo. Plagi ya waya iliyoachwa na chumvi inaota kutu ya kijani, na hapo ndipo kuanza krr krr nyingine ambayo kipini hakitibu.

UmmuSalma (Shela)

Fundi, kwa heshima yako, kwenye za kutia ndani sikubaliani nawe moja kwa moja.

Mimi ni mwalimu wa madrasa. Wasichana wananitumia kisomo chao kwa simu nami nawasahihisha usiku. Natakiwa nisikie sini na swadi, nisikie kama mtoto ametoa herufi kooni au puani, kwa hiyo kazi yangu inafanana na ya huyu binti. Iyafoni za ndani nimezivaa. Sauti safi, sina neno. Lakini kwa joto letu sikio linatoa jasho ndani, linawasha, na nikitafuna au kumeza mate nasikia mataya yangu mwenyewe. Nikisema na mtu sauti yangu inanivuma kichwani.

Ninazotumia ni Koss KSC75. Hazina upinde wa kichwani. Kila upande una kidoana cha kupachika nyuma ya sikio, kisponji kinagusa sikio tu, hakibani. Zinakaa chini ya mtandio na unasahau kuwa umevaa. Kwao Marekani huuzwa kama dola 20. Sauti yake wazi, ya katikati iko mbele, na kwa kuwa hazizibi nasikia mtoto akilia, nasikia adhana, nasikia mlango ukigongwa. Mama wa nyumbani hawezi kujifungia masikio usiku kucha.

Za kampuni hiyo hiyo zenye upinde ni Porta Pro, zilitoka mwaka 1984 na mpaka leo zinauzwa, zinakunjika zikawa ngumi. Ndugu yangu anazo. Ila upinde wake wa chuma unavuta nywele na kitambaa, kwa mwenye mtandio bora KSC75.

Nisiwe mchoyo wa ukweli: botini hazifai hata kidogo. Mashine inaingia yote. Na aliyeketi kando yako atasikia unachosikiliza.

FundiMaweni

Ummu, umesema vyema na KSC75 nazijua, ni kitu cha maana sana kwa fedha ile. Zina omu 60 lakini simu inazisukuma bila taabu. Hofu yangu kwa binti ni moja tu, ile miwani. Kidoana na mkono wa miwani vinagombea mahali pamoja nyuma ya sikio. Wewe huvai miwani, au?

UmmuSalma (Shela)

Sivai. Hapo umenipata. Dada yangu anavaa, na yeye hutangulia kupachika kidoana kisha miwani juu yake, lakini nakiri huvua moja akichoka.

BintiLangoni (Amu)

Shukrani nyote, Mungu awazidishie. Leo baada ya adhuhuri nimepita madukani Usita wa Mui na kipande changu cha kanda kama fundi alivyosema. Hedifoni ya kwanza waliyonipa, kubwa, ina taa za rangi, kinu kilinijia mbele kama kinatwangiwa kichwani mwangu na nyanya nyuma kabisa. Nimerudisha. Ya pili, iyafoni za ndani za waya, si hizo za Moondrop bali za jina nisilolijua. Zilianza nyembamba, nikabadilisha kimpira cha kulia nikatia kikubwa, na neno lililonishinda tangu nianze nimelisikia. Si "wanangu" niliyoandika, ni "waungu", na mstari wote umekaa sawa. Nimesimama mlangoni pa duka nimeshika mkobani nikitafuta kalamu.

Sikununua. Waya wake haukuchomoka na pale unapoingia kwenye plagi ulikuwa umeshaanza kuachia, mpya hivyo. Nimeamua nifuate fundi, niagize zenye waya wa kuchomoka. Akiba ikirudi nitanunua KSC75 za Ummu kwa kazi za usiku nyumbani, miwani nitaipatia njia.

Maswali mawili. Kwanza, nitajuaje si za bandia zikinifikia Mokowe, gatini kule bara? Pili, hizi kanda nyingine nikisikiliza kwa iyafoni, sauti inatoka sikio la kushoto tu, kulia kuna mvumo mtupu. Kwenye spika ya laptopu sikuligundua hilo. Iyafoni mbovu au kanda mbovu?

FundiMaweni (Malindi)

La pili kwanza, maana ndilo tamu. Iyafoni haina kosa. Redio kaseti nyingi za zamani zilirekodi mono, sauti moja. Ndugu yako alipohamisha, upande mmoja wa waya wake haukushika vizuri, au kichwa cha kusomea, kile kinachogusa utepe wa kanda, kilikuwa na uchafu upande huo. Dawa ya haraka iko kwenye simu na laptopu: ingia mipangilio, sehemu ya ufikivu (Accessibility), kuna chaguo la sauti ya mono. Liwashe, nyanya atakuja masikio yote mawili. Ila mvumo wa kulia nao utachanganyika humo, kwa hiyo kwa kanda hizo bora zaidi ufungue faili kwa Audacity, ni programu ya bure, utenganishe pande mbili, ule wa kulia uufute, wa kushoto uufanye mono.

Kwa zile kanda ambazo pande zote mbili zinasema, fanya jaribio kabla ya kuunganisha. Sikiliza kushoto peke yake, kulia peke yake, kisha pamoja. Kwa kawaida pamoja ni bora, kwa sababu sauti ya nyanya ni ile ile pande zote na inajumlika, mvumo haulingani na hauongezeki kiasi hicho. Lakini kama kichwa cha mashine kilikaa upande upande wakati wa kuhamisha, ukiunganisha pande mbili zile sauti za juu zinauana zenyewe kwa zenyewe, s na sh zinakuwa butu kama mtu amefunika mdomo kwa kanga. Ukisikia hivyo, usiunganishe, chagua upande ulio safi. Na kama redio ya kusomea bado iko, mwambie ndugu yako akipanguse kichwa kwa pamba na spiriti safi kisha ahamishe upya zile zilizo butu. Kazi hiyo italipa kuliko hedifoni yoyote.

La bandia. Omba muuzaji akupigie picha ya boksi pande zote kabla hajatuma. Tazama herufi: za bandia mara nyingi jina lina uchapaji uliofifia au neno limekosewa. Bei ikiwa nusu ya kila mahali, achana nayo. Waambie wazi kwamba utalipa salio ukishafungua. Kikifika, usikimbilie boti, kifungue pale pale Mokowe kabla ya kuvuka: tia kanda yako, sikiliza kushoto, sikiliza kulia, tikisa waya taratibu pale kwenye plagi na pale kwenye sikio. Sauti ikikatika hata mara moja, rudisha.

Jambo ambalo hukuliuliza. Kanda yenye mvumo inamfanya mtu apandishe sauti, apandishe tena, akitafuta neno. Shirika la Afya Duniani linaweka kipimo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza desibeli 3, muda unakatika nusu: 83 ni saa 20, 86 ni saa 10. Neno likikushinda usipandishe sauti. Punguza mwendo. Programu nyingi za kusikilizia zinapunguza kasi bila kubadilisha sauti ya mtu, weka robo tatu ya kasi, rudia mstari, kisha pumzika. Simu nyingi zina onyo la sauti kubwa, usilizime.

BintiLangoni (Amu)

Ami fundi, Mungu akulipe. Nimewasha mono sasa hivi na ile kanda ya tumbuizo imerudi pande zote. Ndugu yangu anasema redio bado iko kwa shangazi, ataipangusa. Nikishapokea iyafoni nitaandika hapa saizi ya kimpira kilichonikaa, kwa faida ya wenye mtandio na miwani kama mimi.

KijanaWaFaza

Ukija Faza na laptopu, uniambie. Mama wa mama yangu anazijua nyimbo za kutia hina, na yeye hataki kurekodiwa mpaka asikie za wengine kwanza. Leta na spika ndogo, iyafoni hatavaa.